Bomba la Ghorofa ya Nane

Uliuona ule ujumbe. Usijifanye hukuuona. Ujumbe wenyewe uliingia kwenye kundi la WeChat la umoja wetu wa Waafrika Mashariki Jumatatu ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, katikati ya tangazo la kontena la Mombasa na picha ya kikombe cha chai chenye maneno ya baraka. "Habari zenu ndugu. Mtoto wetu anakohoa wiki ya tatu. Nyumba ni baridi, madirisha hayafungi, na bomba la hita ya gesi limeoza. Mwenye nyumba hatusikii. Tunaomba watu wawili watatu wa umoja waje wasimame nasi tuongee naye. Mama Atu, Xiaobei." Mmo humo watu mia nne na kumi na wawili. Ulisoma, ukasukuma kwa kidole gumba, ukarudi kwenye kontena lako. Mwenzako akatuma kikatuni cha mtu anayegaagaa kwa kicheko. Mwingine akaandika, "Baridi Guangzhou? Nendeni Makete mkaone baridi." Watu thelathini wakacheka naye, kisha likaja tangazo la viatu, na Mama Atu akazama.

Basi kaa hapo hapo ulipo usimuliwe kilichofuata, maana ulikuwepo.

*

Mama Atu ndiye Leokadia, mzaliwa wa Karagwe, anayewanunulia wenye maduka wa Mwanza madaftari na midoli pale mtaa wa maduka ya jumla wa Yide Lu kwa kamisheni. Mumewe ni Lusajo, Mnyakyusa, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Binti yao Atupele ana miaka minne. Wamepanga Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, ghorofa ya nane katika jengo la zamani lisilo na lifti, lenye kuta nyembamba na madirisha ya chuma yaliyopinda hata ukiyafunga unapitisha kijiko.

Kwenu wanadhani Guangzhou ni joto mwaka mzima, na kweli miezi tisa utatoka jasho umekaa. Lakini Januari upepo hushuka kutoka kaskazini, mvua ya rasharasha inanyesha siku kumi, na nyumba hazina chochote cha kuzipasha moto, kwa sababu wakubwa waliamua zamani kwamba kusini hakuna baridi. Ndani kunakuwa baridi kuliko nje. Nguo zinakaa kambani siku nne mpaka zinavunda. Leokadia alikuwa anasonga ugali amevaa makoti mawili, na Atu analala na kofia.

"Hii si baridi," Lusajo alikuwa na kawaida ya kusema. "Baridi niliiacha Harbin. Kule ukitema mate yanagonga chini kama kokoto."

"Habari ya mate nimeshaisikia."

"Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri, theluji mpaka magotini, ndani mtu amekaa na singlendi anakula tikiti."

"Tikiti hilo ulilila peke yako, Baba Atu. Mimi na mwanao tuko hapa."

Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Lusajo alikaa Harbin, kaskazini kabisa mwa China, miaka sita akisomea jambo hilo moja: jinsi ya kuzifanya nyumba kuukuu na maduka ya zamani ya nchi ya theluji yashike joto. Kiangazi, theluji ikishaondoka, alipanda kiunzi pamoja na mafundi, wakalivisha jengo zima koti, ndivyo walivyoita. Mabamba ya povu gumu yenye unene wa kiganja yanabandikwa ukutani kwa nje, juu yake wavu, juu yake plasta. Madirisha yanawekwa vioo vitatu, pembeni mpira, na mlango wa duka unatundikiwa pazia zito ambalo mteja analisukuma kwa bega. Profesa wake, mzee mfupi asiyecheka, alikuwa anapitisha kijiti cha udi kinachofuka kandokando ya dirisha. Moshi ukipinda, anasema, "Mwizi huyo hapo. Hewa ndiyo mwizi." Baridi iliporudi, bibi mmoja mwenyeji alimshika Lusajo mkono akaubandika ukutani kwake, ausikie ulivyo vuguvugu. Lusajo alikuwa akisimulia hilo kila baridi ikija.

Sasa mtu huyo mke wake anasonga ugali na makoti mawili.

"Umenianika, Leo," alisema siku ile ya ujumbe. "Mimi ndiye niliyesomea joto, halafu mke wangu anaombaomba joto kwenye kundi."

"Sijaomba joto. Nimeomba watu."

"Umewapata?"

Leokadia alimgeuzia simu. Kile kikatuni kilikuwa bado kinagaagaa.

*

Mwenye nyumba, Bi Liang, alikuja Alhamisi, baada ya kupigiwa simu mara tisa. Hakuingia. Alisimama mlangoni na koti lake jekundu, akahesabu viatu kwa macho ajue wanakaa wangapi. Lusajo alimweleza kwa Kichina safi cha kaskazini, pole pole, mikono ameifumbata mbele kama anaungama: madirisha, mtoto, bomba lililooza kwenye kiungo.

"Mei wenti," alisema Bi Liang. Hakuna tatizo. Neno hilo kila mmoja wetu analijua. Ukiambiwa hivyo ujue tatizo limebaki kuwa lako. "Bomba hilo lina miaka ishirini linafanya kazi. Nyinyi mnaoga mno. Wapangaji wa zamani hawakuwa wanaoga hivi."

"Mtoto anaumwa, laoban," alisema Lusajo, akimwita bosi.

"Kwenu hakuna baridi, ndiyo maana. Atazoea." Kisha, akiwa ameshashuka ngazi mbili, akageuka. "Mkataba wenu unaisha Machi, siyo? Na ile karatasi ya polisi ya makazi, mtataka niwasainie tena?"

Lusajo alitabasamu. Alimshukuru. Alimshukuru mara mbili, na Leokadia, ambaye Kichina chake ni cha kuulizia bei tu, alielewa kila kitu kwa kutazama shingo ya mumewe ilivyoinama. Bila ile karatasi hakuna viza, na bila viza hakuna shahada, hakuna Yide Lu, hakuna kitu.

"Wangekuwepo watu watano hapa mlangoni asingesema hivyo," alisema Leokadia mlango ulipofungwa.

"Hawakuja."

"Najua hawakuja, Baba Atu. Nina macho."

"Basi kazi nitaifanya mwenyewe. Jumamosi."

*

Na aliifanya. Tumpe haki yake: kazi ilikuwa nzuri. Alipandisha ghorofa nane mabamba ya povu, mikebe sita ya povu la kupuliza, mipira ya dirisha na plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ya kufunikia vioo. Alikata kwa kisu cha jikoni, akabandika, akapuliza. Povu likatoka jeupe kama uji unaofurika, likavimba, likakauka likawa jiwe. Alipiga mluzi siku nzima. Atu alimfuata nyuma amebeba utepe wa kupimia.

Jioni alimwambia Leokadia azime feni ya jikoni, akawasha kijiti cha udi, akakipitisha kandokando ya kila dirisha kama yule mzee. Moshi ulisimama wima.

"Mwizi hana pa kupita," alisema.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Katika majengo aliyoyavisha koti kule Harbin, joto lilikuja kwenye mabomba ya maji ya moto kutoka mtambo wa mji. Habari ya moto unaowaka ndani ya nyumba ilikuwa ya idara nyingine, na mtihani wake hakuufanya. Hapa Xiaobei hita ya gesi ya maji ya kuogea ilitundikwa kwenye kibaraza kilichozibwa, kando ya jiko. Ilikuwa inavuta hewa ya mle mle ndani na kutema uchafu wake kwa bomba la bati lililotokeza dirishani. Pale bomba lilipotokea palikuwa na tundu linalopitisha upepo, na Lusajo alilijaza povu mpaka likajaa. Povu lilipovimba lilisukuma bomba. Kile kiungo kilichooza kikaachana, nyuma ya povu jeupe zuri, kimya kimya. Zile nyufa walizozilaani tangu Novemba ndizo zilizokuwa zikiwaponya.

Auma alipanda Jumapili kuja kuona, joto la jiko na la hita limeshikwa ndani. Ni Mkenya, mama wa makamo, ananunua nguo sokoni Guangyuan Xilu na amepanga ghorofa ya sita ya jengo hilo hilo.

"Ai, Mama Atu, hapa ni Kisumu kabisa," alisema akivua shali. "Daktari wa nyumba, kwangu unakuja lini?"

"Wiki ijayo, mama."

"Lakini hewa iko wapi? Nimekaa dakika kumi tu, kichwa kinagonga ni kama kuna fundi ndani."

"Hiyo ni harufu ya povu. Itaisha."

Leokadia naye kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana yake. Alifungua mdomo aseme. Akamtazama mumewe amekaa na fulana tu, mkono wa mtoto ameubandika ukutani, anamwambia, "Sikia, Atu, sikia ulivyo vuguvugu," na kwa mara ya kwanza tangu Novemba shingo yake imenyooka. Akaufunga mdomo.

Lusajo alituma picha kwenye kundi. Mara hii mliiona. Mlimpigia makofi sabini. Cyrus, mwenyekiti wetu wa umoja, mwenye ofisi ya kargo, akaandika, "Mhandisi, na ofisi yangu tafadhali. Bei ya undugu."

*

Jumanne alasiri Lusajo alikuwa chuo. Leokadia alifua mablanketi ya mtoto kwa maji ya moto, kisha akamwogesha mtoto mwenyewe. Hita ilikuwa inanguruma kibarazani kwa zaidi ya nusu saa.

"Inua mikono, Atu."

Atu hakuinua.

"Atu, usinichezee. Mama amechoka."

Kichwa cha mtoto kilimlalia begani, kizito, kama cha mtoto aliyepitiwa na usingizi kwenye basi. Leokadia akadhani ni usingizi. Alitaka kusimama, na magoti yakakataa, yamelegea kama muhogo wa kuchemsha. Hapo ndipo akakumbuka fundi aliye ndani ya kichwa cha Auma.

Alimburuta mtoto mpaka dirishani akitambaa, maana mlango ulikuwa mbali zaidi. Akashika kitasa. Hakikugeuka. Povu lilikuwa limeumeza mshono wote kwa ustadi, hakuna hata pa kuingiza ukucha, na Leokadia alipata wazo la kijinga kabisa, kwamba mume wangu anafanya kazi safi. Alirudi jikoni kwa magoti, akachukua mchi wa kile kinu kidogo cha kitunguu saumu alichokuja nacho kutoka kwao, akapiga. Plastiki ikaurudisha mchi. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapasuka plastiki na kioo pamoja, vigae vikaanguka ghorofa nane mpaka kichochoroni karibu na mwuza machungwa, aliyeanza kumtukania ukoo wake wote. Leokadia akamtoa Atu kichwa dirishani kwenye mvua, vioo vikimchana mikono, akaita, "Auma. Auma. Auma," hata sauti ikamwishia.

Auma alipanda ngazi mbili mbili. Alimfunga mtoto kwenye taulo na kanga, akashuka naye ghorofa zote nane bila viatu. Leokadia alifuata akishikilia ukuta.

*

Hospitali walimwekea Atu hewa ya oksijeni. Pesa zilitakiwa kwanza, na Auma alilipa kwa simu, akitoa pesa za mzigo wake wa nguo, akasema tu, "Wewe kaa chini, unavuja damu."

Lusajo alifika na mkoba wa chuo begani. Daktari, mwanamke kijana, alimshukuru Mungu wake kupata mtu anayejua Kichina, akaanza kueleza. Lusajo akawa anamtafsiria mkewe.

"Anasema ni moshi wa gesi. Hauna harufu. Anasema dakika kumi zaidi tungekuwa tunaongea mengine."

"Endelea."

"Anauliza kwa nini haukutoka. Nimemwambia dirisha lilizibwa."

"Endelea, Baba Atu."

"Anauliza nani aliyeziba."

Leokadia alimsubiri.

"Nimemwambia," alisema Lusajo. Akaenda kusimama kwenye kona, uso ukutani, na Leokadia hakumfuata. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na hasira na ule mdomo wake mwenyewe alioufunga Jumapili.

Wakati huo huo, mashujaa, nanyi mlikuwa kazini. Mmoja wenu alimwona Auma kwenye daraja la waenda kwa miguu anakimbia na mtoto aliyelegea. Hakumkimbilia. Alitoa simu. "Poleni wana umoja, mtoto wa Lusajo ametutoka." Mishumaa ikawaka kwenye skrini mia nne. Cyrus akafungua orodha ya mchango wa kusafirisha mwili mpaka Karagwe, au Tukuyu, itakavyoamuliwa na wazee. Kwa dakika arobaini, dakika kwa dakika nimehakikisha, zilipatikana yuan elfu kumi na nane.

Leokadia aliisoma orodha hiyo kwenye benchi la hospitali. Yule wa kikatuni alikuwa namba saba, yuan mia mbili. Yule wa Makete alitoa mia tatu na maneno, "Pole shemeji, Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Alisoma majina yote hadi mwisho, pole pole, kama mtu anayeita mahudhurio. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti.

"Mimi Mama Atu. Mwanangu hajafa. Yuko hapa, ameamka, anataka juisi. Asanteni."

Zikaja "Mungu mkubwa" kama ishirini. Kisha, hazijapita dakika tano, mtu akauliza, "Mwenyekiti, utaratibu wa kurudishiwa ukoje?"

*

Ijumaa Atu alitoka hospitali. Jumamosi asubuhi Leokadia alikwenda ofisini kwa Cyrus, kati ya marobota na mizani, mikono imefungwa bandeji. Alibeba lile bomba. Alilitua mezani juu ya makaratasi ya forodha, kutu ikamwagika.

"Shemeji, karibu chai," alisema Cyrus.

"Bomba jipya na fundi ni yuan mia sita. Sikuomba elfu kumi na nane. Naomba mia sita."

"Tumeshukuru sana kwa uzima wa mtoto."

"Nami nimeshukuru. Mia sita."

Cyrus alifuta kutu kwenye karatasi kwa kidole. Si mtu mbaya. Hiyo ndiyo shida ya watu wetu, hakuna hata mmoja aliye mbaya. "Mama Atu, kuna katiba. Umoja unachangia msiba. Unachangia ugonjwa, ila wa kulazwa siku saba. Nyinyi mmelazwa siku tatu."

"Kwa hiyo zimepungua nne."

"Sijasema hivyo."

"Angekufa ungenipa zote."

"Kwa kweli, ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani aliandika?"

"Tulipiga kura. Mwaka ule wa Kiplagat."

Wengi mmemsahau Kiplagat, aliyekuwa akiuza simu. Majira ya baridi ya miaka saba iliyopita alikutwa bafuni kwake, hita inanguruma, madirisha amefunga sababu ya baridi. Mlimchangia vizuri sana. Jeneza lilikuwa la kung'aa. Hakuna aliyeuliza habari ya bomba.

"Kwa hiyo mwaka ule mlijua hita zinaua," alisema Leokadia taratibu, "na mkaketi mkaandika kanuni za jeneza."

Cyrus alimimina chai, hakuna aliyeinywa. Ussi, Mzanzibari mnunuzi wa kanzu, aliyekuwa anapimisha mzigo wake mlangoni, alisogea akalitazama bomba kwa ndani kama anayechungulia bunduki.

"Mie yangu nilotoa msinirejeshee," alisema. "Mpeni huyu bibi. Na bomba langu mie sijawahi kulitazama, wallahi."

Auma naye alikataa kurudishiwa zile alizolipa hospitali. Hao ni wawili. Wengine mia moja na sita walirudishiwa kabla ya adhuhuri, mmoja akalalamika kwamba yake imepungua senti za makato.

Bi Liang alidai kioo kilipwe. Kililipwa.

Lusajo alikuwa amekwisha kulikwangua povu lote kwa kisu kile kile, siku mbili, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Upepo umerudi, na hita imezimwa mpaka bomba jipya lipatikane. Leokadia anasonga ugali na makoti mawili. Hawajaongea mengi. Siku ile Leokadia aliporudi kutoka kwa Cyrus alimkuta amevaa viatu, ana pakiti ya udi mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Auma. Halafu ghorofa ya tano. Napitisha moshi chini ya hita. Ukivutwa kwenye bomba, salama. Ukirudi usoni, wazime."

"Wakikufukuza?"

"Watanifukuza."

Leokadia alivaa shali, akambeba Atu mgongoni. "Twende wote. Ukiwa peke yako unashukuru sana."

Mpaka naandika haya wameshagonga nyumba kumi na moja. Katika sita moshi ulirudi usoni. Katika tatu hawakufunguliwa mlango, na moja ya hizo ni yako. Ulichungulia kwenye tundu, ukaona mwanamke mwenye bandeji na mtoto mgongoni, ukadhani wanaomba mchango.

Usinitumie mshumaa. Usiniandikie amina. Weka simu chini sasa hivi, nenda kibarazani kwako, fungua dirisha hata kama mvua inanyesha, ushike bomba la hita yako kwa mkono ulitikise. Likicheza, zima gesi. Kisha shuka ghorofa moja ugonge mlango wa jirani, usimame hapo mpaka afungue, na jioni mwende watano kwa mwenye nyumba wake.